Azana ya Magharibi Katika Dakika za Nyongeza

Mafiga, Jumanne, saa tatu asubuhi.

Mvua imenyesha tangu alfajiri, ile nyembamba isiyo na kelele, na milima haionekani kabisa. Nimekaa kitandani, mito miwili mgongoni, kompyuta juu ya mapaja. Miguu imevimba hata ndara haziingii. Naandika kwa kidole kimoja, na kila baada ya mistari michache inabidi nipumzike.

Nimeficha jambo kwa zaidi ya miaka thelathini.

Nilikuwa mwamuzi wa mechi moja ya kiwanda hapa Morogoro. Katika dakika za nyongeza niliahidi kwamba azana ya magharibi ikilia nitasimamisha mpira ili waliofunga wafungue. Azana ililia, sikusimamisha, na goli likafungwa. Nilisema sikuisikia. Nilisema hivyo uwanjani, nikasema mbele ya meneja wa kiwanda, na siku ya sikukuu, nje ya msikiti, nikamwapia Mungu.

Niliisikia.

Ninyi wachache mnaonisoma hapa mmezoea niwaandikie habari za mvua, za mito iliyokauka na za wanafunzi wangu wa zamani. Mtanisamehe leo. Daktari alizungumza na binti yangu Zuhura kwenye korido wakidhani nimelala. Sikulala. Maneno aliyosema si ya mtu mwenye muda wa kuandika habari za mvua.

Lakini hata hayo yasingenifanya niandike, kama Salumu asingekuja Alhamisi.

Nitamfikia Salumu. Kwanza kiwanda.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Maduka yalikuwa yamejaa vitu ambavyo miaka michache nyuma tulivipangia foleni, mitumba ilikuwa imetandikwa kila kona, na mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa moja baada ya jingine. Mimi nilikuwa mwalimu wa jiografia sekondari, na jioni nilikuwa refa. Nilikuwa na cheti, bukta nyeusi, na sifa. Sifa hiyo ndiyo iliyoniponza. Watu walisema Mwalimu hata mwanawe angemtoa nje kwa kadi nyekundu, nami nilipenda kusikia hivyo kuliko nilivyowahi kukiri.

Kiwanda chenyewe kilisokota katani. Kilikuwa na idara mbili kubwa, Kamba na Magunia, na kila idara ilikuwa na timu. Kila mwaka walikutana mara moja, wakashindania mbuzi na maneno ya kutambiana hadi mwaka unaofuata. Mwaka huo kiwanda kilipata mwenyewe mpya. Tulikuwa ndiyo kwanza tunajifunza neno mwekezaji. Meneja aliwakusanya wafanyakazi akawaambia mwekezaji anapenda mpira, na atabakiza timu moja itakayobeba jina la kiwanda. Wachezaji wa timu hiyo watabaki kazini. Kuhusu wengine, alisema, orodha ya kupunguzwa itabandikwa getini baada ya sikukuu.

Hakusema zaidi ya hapo. Hakukuwa na haja.

Nahodha wa Kamba alikuwa Salumu, beki wa kati, mtu mrefu mwenye mwendo wa polepole ambaye sikuwahi kumwona akimpiga mtu kiatu kwa makusudi. Nahodha wa Magunia alikuwa Shabani, mshambuliaji, mdogo wake mke wangu. Wote wawili walizaliwa Kinole, kijijini mlimani, nyumba zao zikitazamana ng'ambo ya kijito. Waliteremka mjini pamoja kutafuta kazi, wakalala chumba kimoja miaka miwili, wakaoa mwaka mmoja. Yeyote aliyemjua Shabani alimjua Salumu.

Nilipotajwa kuwa mwamuzi, baadhi ya watu wa Kamba walilalamika. Walisema, huyu si shemeji yake Shabani? Salumu ndiye aliyewanyamazisha. Aliwaambia ama Mwalimu achezeshe, ama yeye havai jezi.

Nimekumbuka jambo hili mara nyingi kuliko goli lenyewe.

Mechi iliangukia Ramadhani kwa sababu mwekezaji alitaka kuiona kabla hajasafiri wiki ile, na hakuna aliyethubutu kumwomba asubiri. Mke wangu, Mama Zuhura, alinyoosha nguo zangu za urefa kwa pasi ya mkaa. Jana yake tulikuwa tumehesabu pamoja, bila kutaja kwa nini tunahesabu. Shabani alikuwa na watoto wanne, mke, na mama mkwe wangu aliyekuwa hajiwezi tena kwa miguu. Nyumba yetu ya shule ilikuwa na vyumba viwili, na sisi tulikuwa sita ndani yake. Akikosa kazi, wote wangekuja kwetu. Shabani alikuwa mjomba wa watoto wangu, na kwa mila za kwao mjomba hafungiwi mlango.

Nilipokuwa natoka, Mama Zuhura aliniambia, "Baba Zuhura, kachezeshe kwa haki tu." Nikamjibu ndiyo. Wala hakuniomba kitu kingine, leo hata kesho mbele ya Mungu. Nataka hilo lieleweke, maana hayupo tena kujisemea.

Mechi ilikuwa ianze saa kumi kamili. Mgeni rasmi alichelewa, kama wageni rasmi wote, na tulianza saa kumi na dakika ishirini. Kuchelewa huko kwa dakika ishirini ndiko kulikoiweka azana ndani ya mchezo. Lau angefika kwa wakati, tungekuwa tumemaliza, nami ningekufa na sifa yangu.

Magunia walipata goli kabla ya mapumziko. Kamba walisawazisha kwa kichwa cha Salumu zikiwa zimebaki dakika chache. Goli moja kwa moja. Nilipopuliza filimbi ya mwisho wa dakika tisini, uwanja mzima ulikuwa umesimama, na wanawake wa idara ya Magunia walikuwa wamefunga khanga viunoni wanaimba matusi ya mzaha kuhusu miguu mirefu ya Salumu. Taratibu zilikuwa zinajulikana: dakika thelathini za nyongeza, kumi na tano kila upande, na bado wakilingana, penalti.

Niliwaita manahodha katikati. Wachezaji walikuwa wamejilaza kwenye nyasi. Waliokuwa wamefunga walikuwa wanajimwagia maji kichwani na kuyatema yaliyoingia mdomoni. Mimi pia nilikuwa nimefunga. Ulimi ulikuwa umenata kwenye kaakaa.

Salumu ndiye aliyelianzisha. Alisema, "Mwalimu, kipindi cha pili cha hizi nyongeza kitatukuta magharibi. Wangu wanane wamefunga. Azana ikilia tusimame kidogo, watu wapate hata funda la maji, halafu tuendelee."

Shabani alicheka. Yeye hakuwa amefunga, na kila mtu alijua. Asubuhi ile ile walikuwa wamemfuma nyuma ya ghala anavuta sigara. Akasema, "Mimi nani anizuie kunywa? Nimekunywa tangu asubuhi."

"Kobe hana magharibi," mmoja wa Kamba alisema kutoka kwenye nyasi, na watu wakaangua kicheko, Shabani mwenyewe akiwamo. Kobe ndilo jina tunalowaita wanaokula mchana wa Ramadhani, na yeye alikuwa analivaa kama kofia.

Lakini alikubali. Nataka na hilo lieleweke. Alimpa Salumu mkono akasema sawa, azana ikilia tunasimama.

Nikawaambia itakavyokuwa. Azana ikianza tu nitapuliza. Mpira utabaki pale ulipo. Dakika mbili za kufungua, kisha nitaudondosha mpira kati ya wachezaji wawili na tutaendelea. Nikaongeza, kama refa yeyote angeongeza, kwamba bila filimbi mpira haujasimama. Salumu aliniuliza kama nitaisikia azana, maana umeme ulikuwa umekatika. Zilikuwa siku za mgao, na kipaza sauti cha msikiti kilikuwa kimekufa tangu mchana. Muadhini angeadhini kwa kinywa chake tu. Nikamwambia, "Salumu, mimi mwenyewe nina kiu. Nitaisikia kabla yako."

Kipindi cha kwanza cha nyongeza kilipita bila goli. Miguu ilikuwa imeisha. Mpira ulikuwa unapigwa juu, unashuka, unapigwa juu tena. Tukabadilisha upande, Kamba wakawa wanalinda goli lililokuwa jirani na msikiti. Kipa wao alikuwa amepanga chupa za maji na mfuko wa tende kando ya nguzo ya goli.

Ilikuwa dakika ya kumi na tatu ya kipindi cha pili. Zilibaki mbili twende penalti.

Salumu alikuwa na mpira mguuni, hatua kama kumi mbele ya goli lake, anatafuta wa kumpa. Hapo muadhini akaanza. Sauti ilikuwa ya mzee, bila kipaza, lakini jioni ilikuwa imetulia na upepo ulikuwa unashuka kutoka mlimani ukija upande wetu. Salumu aliweka wayo juu ya mpira. Alisimama. Akageuka akanitazama, akingoja filimbi, na usoni kulikuwa na raha ya mtu aliyefunga kutwa nzima. Mabeki wenzake nao wakasimama. Kipa alikuwa ameshainama kuokota chupa.

Filimbi ilikuwa midomoni mwangu. Niliihisi kwa meno.

Sikupuliza.

Shabani alitokea kushoto, akauchomoa mpira chini ya wayo wa Salumu, akapiga hatua tatu na kuusukuma wavuni polepole, kana kwamba hataki kuuamsha. Kipa alikuwa bado ameshika chupa. Tulimsikia muadhini akimaliza shahada. Kisha upande wa Magunia ukalipuka.

Salumu hakunikimbilia. Alisimama pale pale, akainua mkono, akaugusa sikio lake, kuniuliza. Watu mia kadhaa walikuwa wananitazama, na meneja, na mgeni rasmi, na mwekezaji ambaye hakuelewa kinachoendelea. Nikatikisa kichwa. Nikanyoosha mkono kati.

Wachezaji wa Kamba walinizunguka. Nikawaambia sikusikia. Niliwaambia kelele zilikuwa nyingi upande wangu, na bila filimbi mpira haujasimama, na tulikubaliana hivyo. Kila neno lilikuwa limenyooka. Ni Salumu tena aliyewasogeza nyuma, mmoja mmoja, kwa kiganja kifuani. Alisema, "Hakusikia. Mwacheni Mwalimu, hakusikia."

Dakika mbili zilizobaki nilizichezesha vizuri sana.

Siku ya sikukuu, baada ya swala, alinifuata nje ya msikiti akiwa na kanzu iliyopigwa pasi. Alinipa mkono wa Idi. Alisema watu wanaongea mengi, lakini yeye hana kinyongo: "Hukusikia, hukusikia." Ningeweza kunyamaza, na uongo ungebaki ule ule wa mwanzo. Badala yake nikasema, "Wallahi, Salumu, sikuisikia." Hakuwa ameniomba kiapo. Nilikitoa mwenyewe, kama mtu anayempa mgeni zaidi ya alichoomba.

Orodha ilibandikwa getini Jumatatu. Timu yote ya Kamba ilikuwemo, Salumu wa tatu kutoka juu.

Alikaa mjini miezi miwili akitafuta kibarua, kisha akarudi Kinole kulima. Binti yake Mwanahawa alikuwa kidato cha pili darasani kwangu, msichana aliyechora ramani za mito kwa penseli iliyochongwa mpaka ikawa fupi kuliko kidole. Zilikuwa siku ambazo wazazi walikuwa wameanza tena kudaiwa ada. Muhula ulipofunguliwa niliita majina. Nilipofika kwake wenzake walisema amerudi kijijini na baba yake. Nikaita jina lililofuata. Mwisho wa wiki nilimfuta kwenye daftari la mahudhurio kwa kalamu nyekundu na rula, mstari ulionyooka, kama kanuni za shule zilivyotaka.

Na Shabani? Alibaki kazini. Mwaka na miezi kadhaa. Kisha mwekezaji akafunga kiwanda chote, mashine zikapakiwa kwenye malori, majengo yakawa ghala la mbolea. Nilichomnyang'anya Salumu hakikudumu hata miaka miwili.

Lakini jina Kobe lilidumu. Kabla ya goli lile lilikuwa utani. Baada yake lilikuwa hukumu. Kwa watu wa mjini, refa alikuwa hakusikia, basi mwenye kosa alikuwa mmoja tu: yule aliyempa rafiki yake mkono, akasikia azana, akaiba mpira. Nilimwona akitemewa mate sokoni. Alipoanza kuuza mitumba baada ya kiwanda kufungwa, kuna watu waliovuka barabara wasipite mbele ya meza yake. Mama mkwe wangu, hadi anafariki, alikuwa akimwambia amemwaibisha.

Mke wangu ndiye aliyemkalia vibaya zaidi. Ramadhani ile yote iliyobaki hakupeleka futari kwake. Alimwambia mbele yangu, mezani kwetu, "Umemfanya mume wangu aonekane mwizi." Shabani alinitazama mara moja. Kisha akasema, "Nisamehe, dada," akaendelea kula uji.

Nami niliendelea kula uji.

Hakurudi kuishi Kinole. Salumu alikuwa kule, na ndugu wa Salumu, na njia ya kwenda mtoni ilikuwa moja. Alirudi miaka sita iliyopita akiwa kwenye jeneza. Tulimpandisha mlimani wakati wa mvua, gari likakwama mara mbili, na watu wa kijiji wakaja kusukuma. Salumu alikuja kusukuma. Alikuja pia makaburini. Sheikh aliuliza, kama inavyoulizwa, mnamshuhudiaje marehemu. Hapo hujibu watu wote kwa pamoja, mtu mwema. Ni maneno mawili, na ndiyo zawadi ya mwisho.

Waliojibu walikuwa wachache, kwa sauti za chini. Mimi nilijibu kwa nguvu, na nadhani watu waliona nafunika aibu ya shemeji yangu. Salumu alikuwa mbele yangu. Mdomo wake haukufunguka.

Sasa Alhamisi.

Salumu alikuja bila kutoa habari. Alisikia kwa dereva wa gari la matunda kwamba nimezidiwa. Magoti yake yameharibika kwa ile miteremko, akapanda ngazi zetu tatu akishika ukuta. Alileta machungwa na mdalasini uliofungwa kwenye jani la mgomba. Zuhura alimwamkia shikamoo, akamwekea kiti, naye akakataa kiti akakaa ukingoni mwa kitanda changu. Aliniuliza nakula nini. Alinibonyeza mguu akatazama shimo lilivyobaki kwenye ngozi, akatikisa kichwa.

Halafu akaanza kumsimulia Zuhura mechi ile. Anaisimulia vizuri, kwa mikono, kwa kicheko, mgeni rasmi na kiti chake cha kuazima, wanawake na nyimbo zao. Alipofika kwenye goli akasema, "Baba yako angeisikia azana ile, leo mimi ningekuwa mzee wa mjini, nina kitambi." Zuhura, ambaye ana adabu lakini pia ana akili, alimuuliza kwa upole kama hakuwahi kushuku. Salumu alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama maji yanapanda mlima. Akasema, "Mwanangu, baba yako alikuwa amefunga kama mimi. Mtu ana kiu ya kutwa nzima, azana inalia, filimbi anayo yeye, halafu aache kupuliza? Kwa nini ajitese?"

Miaka yote hii alikuwa ananitetea kwa swaumu yangu mwenyewe.

Nilifungua mdomo. Nasema kweli, niliufungua. Zuhura akadhani nataka maji, akanipa.

Salumu aliniombea dua, mkono wake juu ya kifua changu. Aliposimama kuondoka aliniambia, kwa namna ya mtu anayetaka kufurahisha mgonjwa, "Ukinitangulia, Mwalimu, nitakuja. Sheikh akiuliza mnamshuhudiaje, nitajibu kabla ya watu wote. Nitasema huyu alikuwa mwamuzi wa haki. Shabani nilimnyima, Mungu anisamehe, lakini wewe nitakushuhudia."

Tangu Alhamisi sijalala vizuri. Si kwa sababu ya ugonjwa wa moyo.

Namwona amesimama juu ya kaburi langu, kwa magoti yale, anatoa ushahidi wa uongo asioujua, mbele ya Mungu, kwa ajili yangu. Na namwona amefunga mdomo juu ya kaburi la Shabani. Vyote viwili nimevifanya mimi.

Jana nilimwomba Zuhura ampigie simu. Salumu ameahidi kushuka Ijumaa, baada ya swala. Nitamwambia mwenyewe, kwa kinywa, Zuhura akiwepo. Lakini Ijumaa ni mbali kwa mtu wa hali yangu, ndiyo maana naandika hapa, mahali ambapo siwezi kuchana karatasi. Zuhura, kama sitafika, msomee Salumu haya yote kabla sijazikwa. Kabla, si baada. Kisha aamue mwenyewe la kusema Sheikh akiuliza, au anyamaze. Usimwombe chochote.

Nimepumzika. Mvua imekatika na kijukuu wa jirani ameanika nguo ambazo zitalowa tena. Nimesoma nilichoandika tangu mwanzo, na nimeona nilivyojipendelea hata humu.

Nimeandika kana kwamba nilishindwa ghafla. Kwamba mpira ulikuwa pale, nikawaza watoto wanne na mama mkwe wangu, na pumzi ikagoma kutoka. Mtu akisoma hivyo atanihurumia. Hata mimi nimejihurumia hivyo kwa miaka. Mtu akisoma hivyo pia ataendelea kuamini kwamba Shabani aliusikia ule wito, akaona nafasi, akamsaliti rafiki yake kwa hiari yake.

Jina lake sina namna nyingine ya kulisafisha isipokuwa kusema lililobaki.

Tulipokuwa tunabadilisha upande kwenda kipindi cha pili cha nyongeza, Shabani aliinama kuvuta soksi karibu na mstari wa kati. Hakuniita. Hakunitazama. Mimi ndiye niliyemwendea. Nilijifanya naangalia saa, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Shemeji, azana ikilia usisimame. Sitapuliza."

Aliinua uso. Akasema, "Nimeshampa Salumu mkono."

Nikamwambia amfikirie mama yake, kisha nikapuliza filimbi mpira uanze.